Sauti Inayozaa Kimya, Nuru Inayozaa Giza

Sauti ikikutana na sauti, mahali fulani panaweza kutokea kimya. Nuru ikikutana na nuru, mahali fulani panaweza kutokea giza. Mazoea ya kila siku yanasema vingine: taa ya pili ikiwashwa chumba huzidi kung'aa, na spika ya pili ikiunganishwa muziki huzidi kuvuma. Hata hivyo mambo hayo mawili ni kweli, yamepimwa na kurudiwa kwa zaidi ya miaka 200, na chanzo chake ni kimoja. Sauti ni wimbi, nuru ni wimbi, na mawimbi yana hesabu yake ya kujumlishwa. Magunia mawili ya mchele hayawezi kamwe kuwa gunia sifuri. Mawimbi mawili yanaweza, kwa sababu kila wimbi lina kupanda na kushuka, na kupanda kwa moja kunaweza kufidiwa na kushuka kwa jingine.

Wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki wanaishi na hesabu hiyo kila mwezi. Mwezi huvuta bahari na kuyajaza maji kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Jua nalo huvuta, kwa nguvu ndogo zaidi, kila baada ya saa 12. Miinuko hiyo miwili hupita katika maji yaleyale. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mwinuko wa mwezi na ule wa jua hufika pamoja na kuongezana: hilo ndilo bamvu, maji yanapojaa mpaka juu na kupwa mpaka miamba ikabaki wazi. Wiki moja baadaye kilele cha mmoja huangukia kwenye bonde la mwingine, na bahari hupanda na kushuka kidogo tu: hayo ndiyo maji mafu. Kutoka bamvu hadi bamvu ni siku 14 na robo tatu, muda unaotosha mzunguko wa jua kuutangulia ule wa mwezi kwa duru moja nzima. Kuongezana huku na kufutana huku wanafizikia wanakuita mwingiliano wa mawimbi, na yote yanayofuata kuhusu sauti na nuru ni jambo hilihili kwa vipimo vingine.

Sauti inafaa kutangulia, kwa kuwa vipimo vyake vinalingana na mwili wa binadamu. Kinachosafiri ni mbano wa hewa: hewa hubanwa, hulegea, hubanwa tena, na mbano huo husonga mbele kwa kasi ya mita 343 hivi kwa sekunde hewa ikiwa na joto la nyuzi 20. Sauti yenye masafa ya hezi 1,000, yaani mitikisiko 1,000 kwa sekunde, ina urefu wa wimbi wa sentimita 34, ambao ni umbali kutoka mbano mmoja hadi unaofuata. Spika mbili zikiwekwa uwanjani, mita 2 kati yake, zikipiga mlio huo kutoka amplifaya moja, msikilizaji anayetembea kwenye mstari ulio mita 10 mbele yake atakutana na jambo la ajabu. Katikati kabisa njia kutoka spika zote mbili ni sawa, mibano inafika pamoja, na mlio ni mkubwa. Akisogea kando sentimita 86 hivi, spika moja inakuwa mbali naye kuliko nyingine kwa sentimita 17, nusu ya urefu wa wimbi. Mbano wa moja unafika pamoja na mlegeo wa nyingine, na mlio unadidimia. Akisogea tena kiasi hicho, unarudi. Pale ulipodidimia, spika moja ikizimwa mlio unaongezeka. Ni vigumu kupata jaribio linaloonyesha tabia ya wimbi kwa uwazi kuliko hilo, nalo halihitaji maabara.

Ukumbini jambo hili hujificha. Kuta na dari hurudisha sauti kutoka kila upande, na muziki una masafa mengi kwa wakati mmoja, kila moja likiwa na sehemu zake za kufifia, hivyo pengo la noti moja huzibwa na nyingine. Linajitokeza wazi pale fundi anapofunga waya za spika moja kinyume, chanya mahali pa hasi. Spika hiyo husukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na besi hupotea. Inayopotea ni besi zaidi ya sauti nyembamba kwa sababu mlio wa hezi 50 una urefu wa wimbi wa karibu mita 7: tofauti ndogo za umbali ndani ya ukumbi hazitoshi kuyatenganisha mawimbi mawili, kwa hiyo yanafutana karibu kila mahali. Sauti nyembamba, ambazo mawimbi yake ni ya sentimita chache, zinafutana hapa na kuongezana pale, na sikio halilalamiki.

Kosa hilo la fundi, likifanywa kwa makusudi, ni chombo. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza ya Marekani mwaka 1936 kwa wazo la kunasa kelele kwa maikrofoni na kuirudisha kwa spika ikiwa imegeuzwa, mbano mahali pa mlegeo. Ilibidi vifaa vya elektroniki viwe vidogo na vya haraka kwanza, lakini vipokea sauti vya masikioni vinavyozima kelele za ndege leo vinafanya kazi kwa wazo hilo. Vinafuta mngurumo vizuri kuliko mlio mkali. Mngurumo wa hezi 100 una wimbi la mita 3.4, na kosa la sentimita moja au mbili si kitu. Kwa mlio wa hezi 8,000, ambao wimbi lake lina sentimita 4 tu, kosa hilohilo linageuza kufuta kuwa kuongeza. Ndiyo maana abiria anaacha kusikia injini lakini bado anamsikia mtoto anayelia.

Swali la haki ni hili: nguvu ya sauti iliyofutika imekwenda wapi? Jibu limo katika kanuni inayotawala mwingiliano wote. Kinachojumlishwa ni kimo cha wimbi, lakini nguvu inakwenda na mraba wa kimo. Mawimbi mawili sawa yanapofika pamoja, kimo kinakuwa mara 2 na nguvu mara 4, si mara 2. Yanapofika kinyume, nguvu ni sifuri. Wastani wa 4 na 0 ni 2, kiasi kilekile ambacho spika mbili zilitoa. Hakuna kilichopotea, nishati imegawanywa upya, ikapunguzwa hapa na kurundikwa pale. Na pale mawimbi yanapofutana pande zote, kama ile besi ya waya zilizofungwa kinyume, nishati haikutoka kwenye spika tangu mwanzo: hewa iliyosukumwa na moja imevutwa na nyingine.

Mwingiliano wa sauti una sura ya pili, inayosikika kwa wakati badala ya mahali. Kanuni, ala ya nyuzi inayopigwa katika taarabu ya Zanzibar, ina nyuzi tatu kwa kila noti, na zote tatu zinapaswa kusema sauti moja. Uzi mmoja ukiwa kwenye hezi 440 na mwenzake kwenye 442, mawimbi yake yanaenda sambamba, yanapishana, yanarudiana, mara mbili kila sekunde, na sikio linasikia mlio unaovimba na kunywea. Mpigaji anakaza uzi taratibu. Mapigo yanapungua, moja kwa sekunde, moja kwa sekunde tano, kisha yanakoma, na nyuzi zimepatana. Huu ni mfuatano wa bamvu na maji mafu uliofupishwa kutoka wiki mbili hadi nusu sekunde. Wasawazishaji wa piano hufanya vivyo hivyo, na usikivu wao unashinda vipimo vingi vya bei rahisi.

Aliyeivusha hesabu hii kutoka sauti hadi nuru alikuwa daktari. Thomas Young, aliyezaliwa Milverton nchini Uingereza mwaka 1773, aliingia katika fizikia kwa mlango wa sauti ya binadamu, aliyoichunguza alipokuwa mwanafunzi wa udaktari huko Göttingen. Mwaka 1800 alichapisha kupitia Royal Society ya London makala yaliyoshughulikia sauti na nuru kwa pamoja, na fikra hiyo ikamfikisha kwenye swali: ikiwa sauti mbili zinaweza kuongezana na kufutana, kwa nini nuru isifanye hivyo? Baadaye alikiri kwamba kati ya vitangulizi vichache alivyovijua, kimoja kilitoka baharini. Isaac Newton, katika kitabu chake kikuu cha 1687, alikuwa ameeleza bandari ya Batsha katika Ghuba ya Tonkin, ambako maji hujaa mara moja tu kwa siku badala ya mara mbili, na siku nyingine hayajai kabisa. Kwa hesabu ya Newton, mawimbi ya bahari yalifika bandarini kwa njia mbili, moja ikichelewa saa sita nyuma ya nyingine, hata kujaa kwa moja kukakutana na kupwa kwa nyingine. Newton alikuwa na ufunguo mkononi. Hakuujaribu kwenye nuru, kwa sababu aliamini kwamba nuru ni mvua ya chembe.

Young aliujaribu. Katika jaribio alilolieleza mwaka 1803 alitoboa tundu dogo dirishani, akaacha mwali mwembamba wa jua uingie, akauweka mbele yake ukingo wa kadi nyembamba, yenye upana usiofika milimita moja, hata mwali ukagawanyika pande mbili. Ndani ya kivuli cha kadi ilionekana milia ya nuru na giza. Kisha akaziba nuru ya upande mmoja. Milia ilitoweka, ingawa nuru ya upande wa pili haikuguswa. Hilo ndilo jambo la kukazia macho: milia haikuwa mali ya mwali wa kushoto wala wa kulia, ilikuwa mali ya kukutana kwao. Katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1807 alieleza sura ambayo vitabu vya shule vinaitumia mpaka leo, ya mianya miwili iliyo karibu sana ikitoa nuru kutoka chanzo kimoja. Alikuwa tayari amepiga hesabu ya urefu wa mawimbi ya nuru, akitumia vipimo vya Newton mwenyewe vya duara za rangi zinazoonekana kati ya vioo viwili vilivyobanwa. Majibu yake, yakigeuzwa kuwa vipimo vya leo, ni nanomita 700 hivi kwa nyekundu na 420 hivi kwa zambarau. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Majibu hayo yanasimama hata sasa.

Hapo ndipo tofauti kubwa ya kwanza kati ya nuru na sauti inapojitokeza, nayo ni ya kipimo tu. Wimbi la nuru ya kijani lina nanomita 550. Wimbi la noti ya hezi 440 lina sentimita 78, karibu mara milioni moja na nusu zaidi. Zile spika mbili zikibadilishwa ziwe vyanzo viwili vya nuru, zikabaki mita 2 kati yake, milia kwenye umbali wa mita 10 ingekuwa na nafasi isiyofika sehemu tatu za elfu za milimita, nyembamba kuliko unywele mara nyingi. Ili jicho liione, vyanzo vinapaswa kusogezwa: mianya yenye nusu milimita kati yake, ukuta ukiwa mita 2 mbele, inatoa milia yenye nafasi ya milimita 2 na ushei.

Kipimo hichohicho kinajibu pingamizi ambalo Newton alilitoa dhidi ya nadharia ya mawimbi. Kengele na mzinga, alisema, husikika nyuma ya kilima, lakini nuru haipindi kuingia kivulini. Basi nuru si wimbi kama sauti. Ni pingamizi zuri, na mwenye akili timamu angelikubali. Lakini wimbi hupinda vizuri kwenye kizuizi kinapokuwa na ukubwa unaokaribiana na urefu wake. Mlango wa nyumba una upana wa karibu mita moja, sawa na mawimbi mengi ya sauti ya maongezi, kwa hiyo maneno ya jikoni yanasikika ukumbini bila msemaji kuonekana. Kwa nuru, mlango huo ni mpana kuliko wimbi zaidi ya mara milioni, na kupinda kwake kunabaki ukingoni tu, kwa kiasi ambacho jicho halikioni bila kutafuta.

Young alishambuliwa. Henry Brougham aliandika katika jarida la Edinburgh Review uhakiki wa kejeli uliowafanya wasomaji wengi wa Uingereza waipuuze kazi yake. Ushindi ulikuja kutoka Ufaransa. Augustin Fresnel, mhandisi wa barabara, aliiwekea nadharia ya mawimbi hesabu kamili na kuiingiza katika shindano la Chuo cha Sayansi cha Paris. Mmoja wa waamuzi, Siméon Poisson, aliyeamini chembe, alitumia hesabu za Fresnel kuonyesha kwamba zinaleta upuuzi: katikati ya kivuli cha kisahani cha duara pangepaswa kuwa na nukta yenye kung'aa, kwa kuwa mawimbi yote yanayopita ukingoni yanafika pale kwa njia zenye urefu sawa. François Arago akalifanya jaribio. Nukta ilikuwepo. Fresnel alipewa tuzo mwaka 1819, na pingamizi la Poisson limebaki katika vitabu kama moja ya hoja bora za kuitetea nadharia aliyotaka kuiangusha.

Ikiwa ni hivyo, kwa nini taa mbili za chumbani hazichori milia ukutani? Spika mbili zilitii mara moja. Taa mbili hazitii kamwe. Sababu haimo katika asili ya nuru, imo katika tabia ya vyanzo. Ili mawimbi mawili yafutane mahali fulani muda wote, uhusiano wa hatua zake haupaswi kubadilika: moja likiwa nyuma ya jingine kwa nusu wimbi sasa, libaki hivyo. Spika mbili za amplifaya moja zinatimiza sharti hilo kwa kuwa zinaamriwa na mkondo mmoja wa umeme. Taa ni mkusanyiko wa atomu zisizo na idadi, kila moja ikitoa nuru yake kwa wakati wake bila kuwasiliana na jirani. Atomu iliyoachwa kwa amani hutoa nuru kwa muda wa takribani sehemu moja ya milioni mia ya sekunde, kisha inakoma, na nyingine inaanza kwa hatua isiyohusiana. Milia inachorwa, inafutwa na kuchorwa upya mahali pengine mamilioni ya mara kwa sekunde, na jicho linaona wastani wake, ambao ni mwanga ulio sawa kila mahali.

Hapa pana jambo linalostahili kutazamwa kidogo. Katika muda huo mfupi, atomu inatikisika zaidi ya mara milioni 5. Uma wa kupimia sauti wa hezi 440 ukilia kwa sekunde 10 unatikisika mara 4,400 tu. Kwa idadi ya mitikisiko, atomu ni chanzo kitulivu kuliko uma. Ni saa ya binadamu iliyo ya polepole mno kuifuata. Na sauti nayo inaweza kukosa nidhamu. Kwaya ya watu 100 wakiimba noti moja haina sehemu za kimya kanisani, kwa kuwa kila koo lina mtikisiko wake unaoyumba kidogo. Nguvu ya kwaya hiyo ni jumla ya nguvu 100, kama taa 100. Kwa upande wa pili, leza, iliyowashwa kwa mara ya kwanza na Theodore Maiman mwaka 1960, inazifanya atomu zote zitikisike kwa hatua moja, na mwaka 1963 wanafizikia Magyar na Mandel walionyesha milia iliyotokana na leza mbili tofauti, kwa kuikamata picha haraka kabla uhusiano wa hatua haujapotea. Mpaka kati ya nuru na sauti unavukika kutoka pande zote mbili.

Kabla ya leza, njia pekee ilikuwa ile ya Young: kuugawa mwali mmoja na kuukutanisha na nafsi yake. Asili hufanya hivyo bila msaada. Povu la sabuni, na mafuta ya gari juu ya maji barabarani, ni utando mwembamba ambao nuru hurudishwa na uso wake wa juu na tena na uso wa chini. Miali hiyo miwili ikikutana, unene wa utando unaamua ni rangi ipi iongezwe na ipi ifutwe, na kwa kuwa unene unabadilika kutoka sehemu hadi sehemu, rangi zinatiririka. Utando ukikaribia kupasuka, ukiwa mwembamba kuliko wimbi lolote la nuru, ungetazamiwa kung'aa, kwa sababu miali miwili imesafiri karibu umbali uleule. Badala yake unakuwa mweusi. Nuru inayorudishwa na kitu kizito zaidi kwa nuru kuliko ilikotoka hugeuka kinyume, kilele kikawa bonde; ikirudishwa kutoka ndani ya sabuni kwenda hewani haigeuki. Moja imegeuka, nyingine haijageuka, na zinafutana. Sauti ina kanuni yake inayofanana: mbano wa hewa ukifika mwisho wa bomba lililozibwa hurudi ukiwa mbano, lakini ukifika kwenye mdomo ulio wazi hurudi ukiwa mlegeo. Ndiyo sababu bomba lililozibwa upande mmoja hutoa noti ya chini kuliko lililo wazi pande zote mbili, ingawa yana urefu mmoja.

Ndege chozi anayening'inia kwenye maua hana rangi ya kijani kinachometa ndani ya manyoya yake. Ana tabaka za chembe nyembamba zilizopangwa kwa vipimo vya mawimbi ya nuru, na rangi hubadilika anapogeuka kwa sababu urefu wa njia umebadilika. Mng'ao wa lulu na wa ndani ya ganda la chaza una chanzo hichohicho, vibamba vya madini vyenye unene wa karibu nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita vilivyopangana. Wanadamu wamejifunza kinyume chake. Kioo kitupu hurudisha karibu asilimia 4 ya nuru kwenye kila uso, hasara kubwa kwa lenzi yenye vioo vingi. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss alibuni tabaka linalopakwa juu ya kioo, lenye unene wa robo ya wimbi, ili mwali unaorudishwa na uso wake wa juu ufutane na ule wa uso wa chini. Hesabu hupangwa kwa ajili ya kijani, katikati ya rangi zote. Nyekundu na buluu hazifutiki kabisa, na ndizo zinazoipa lenzi ya kamera ule urangi wa zambarau.

Mpaka hapa sauti imekuwa mwalimu mwaminifu wa nuru. Kuna mahali ilipowapotosha wanafunzi wake. Mtikisiko wa sauti hewani ni wa mbele na nyuma, kwenye mstari uleule wimbi linakokwenda, na Young alidhani nuru ni hivyohivyo. Fresnel na Arago walipoichuja miali miwili ya jaribio la Young, moja ikabaki na mtikisiko wa wima na nyingine wa mlalo, milia ilitoweka kabisa. Hakuna wimbi la mbele na nyuma linaloweza kufanya hivyo, kwa sababu halina wima wala mlalo. Young mwenyewe alilipata jibu katika barua ya 1817: nuru inatikisika kwa kukingama na njia yake. Kujaa kwa wima hakuwezi kulipwa na kupwa kwa mlalo. Miwani ya jua inayoondoa mng'ao wa bahari inatumia ubavu huu wa nuru, na hakuna kizibo cha masikio kitakachofanya kazi hiyo kwa sauti ya hewani, kwa kuwa haina ubavu.

Upotoshaji wa pili ulidumu zaidi. Sauti inahitaji kitu cha kupitia, na upepo unaibeba au kuichelewesha. Zile sehemu za kufifia mbele ya spika za uwanjani huhama upepo unapovuma. Kwa mfano huo wanafizikia wa karne ya 19 waliijaza anga kitu walichokiita etha ili nuru ipate pa kutikisikia. Dunia ikikimbia ndani ya etha, kungekuwa na upepo wa etha, na mwingiliano wa nuru ungeuonyesha. Mwaka 1887, mjini Cleveland, Albert Michelson na Edward Morley waligawa mwali, wakaupeleka pande mbili zilizo pembe mraba, katika njia ya mita 11, wakaukutanisha na kugeuza chombo kizima juu ya zebaki. Milia ilitarajiwa kuhama kwa 0.4 ya nafasi yake. Haikuhama kwa kiasi kinacholingana na upepo wowote wa aina hiyo. Nuru, tofauti na sauti, haina hewa yake.

Chombo cha namna ile kilikuzwa hadi mikono ya kilomita 4 katika vituo viwili vya LIGO nchini Marekani. Miali ya leza inapangwa ifutane inaporudi, hivyo kipima nuru kinatazama giza. Mkono mmoja ukirefuka kuliko mwingine hata kidogo, giza halikamiliki tena. Tarehe 14 Septemba 2015 urefu ulibadilika kwa kiasi ambacho ni mamia ya mara kidogo kuliko upana wa protoni, kutokana na mawimbi ya uvutano ya mashimo meusi mawili yaliyogongana umbali wa miaka ya nuru bilioni 1.3. Mtikisiko huo ulipanda kutoka hezi 35 hivi hadi 250 ndani ya sehemu ya tano ya sekunde. Ni masafa ya besi, na wanasayansi waliupeleka kwenye spika moja kwa moja. Mwingiliano wa nuru umelipa sikio jambo ambalo hakuna hewa ingeweza kulileta.

Linabaki jambo moja ambalo sauti haiwezi kulieleza. Mwaka 1909, huko Cambridge, Geoffrey Taylor alifanya jaribio la milia kwenye kivuli cha sindano kwa nuru iliyofifishwa kwa vioo vyenye masizi, hafifu kiasi kwamba picha moja ilihitaji karibu miezi mitatu. Milia ilitokea, kali kama ya nuru ya kawaida. Mwaka 1986, huko Orsay, Ufaransa, Philippe Grangier, Gérard Roger na Alain Aspect walitumia chanzo kinachotoa fotoni, punje za nuru, moja baada ya nyingine, na mwingiliano ukabaki palepale. Kila fotoni inaangukia nukta moja. Zikirundikana maelfu, nukta zinakuwa milia, na mahali pa giza ni mahali ambapo hakuna fotoni inayofika. Ikiwekwa alama ya kutambua njia ambayo kila moja imepitia, milia inatoweka. Hata mnong'ono mdogo kuliko yote ni mwendo wa pamoja wa molekuli zisizohesabika, kwa hiyo sikio halina uzoefu wa kufananisha. Kanuni ya hesabu, hata hivyo, haijabadilika: vimo vinajumlishwa kwanza, chanya na hasi, kisha jumla inatafutiwa mraba. Kwa sauti mraba huo unatoa nguvu ya mlio. Kwa fotoni moja unatoa uwezekano wa kuikuta mahali fulani.